Pindo la Akiba

Daftari la kwanza, ukurasa wa kumi na saba:
Cikuru, miaka sita, bega ishirini na sita, mguu hamsini na nane.
Mama yake alisema, "Acha pindo refu, Mama Nsimire,
huyu anakula bugali kama moto unavyokula nyasi kavu."
Nikaacha vidole vitatu ndani ya suruali ya blu,
vimekunjwa, vimefichwa,
vikisubiri mifupa ifike.

Nabintu, binti ya dada yangu, anasomea mambo ya akili za watu.
Jioni anakuja na karatasi za mwalimu wake,
anazitandaza juu ya cherehani.
Kuna mshale: utoto, ujana, utu uzima, uzee.
Mshale umenyooka kama rula.
Ninamuuliza: huyo aliyeuchora
amewahi kupanda Kadutu mvua ikiwa imenyesha?
Hatua mbili juu, moja chini,
na kiatu kimoja umekiacha kwenye tope.

Anacheka, anasoma tena:
mtoto mchanga hujifunza kwamba kilichofichwa bado kipo.
Hilo nalijua. Mugoli, wa yule muuza sambaza,
alikuwa akishinda chini ya meza yangu.
Nilifunika kifungo kwa kipande cha kitenge,
akatazama pembeni; kifungo kimekufa, basi.
Mvua za Septemba zilipoanza
alikiinua kitenge mwenyewe,
akanitazama kama askari aliyemkamata mwizi.

Andika na hili, Nabintu:
Mama Cikuru alipakua sahani ya tatu kila usiku
kwa ajili ya mume aliyekwenda Shabunda kutafuta dhahabu.
Miaka tisa.
Somo lake lilikuwa lile lile, limegeuzwa tumbo nje:
kwamba kuna vilivyofichwa
ambavyo chini ya kitenge havimo tena.

Vipande viwili, mita moja moja.
Kimoja nakikunja mara nne mbele ya macho yao.
Wa miaka mitano ananionyesha kilichonyooka: "Hiki ndicho kikubwa."
Wa miaka minane ananihurumia: "Umekikunja tu, nyanya."
Lakini nimewapima wanawake wazima, hapa, juu ya kigoda hiki,
waliolia kwamba mama zao hawakuwapenda,
na ule upendo ulikuwa mita nzima,
umekunjwa mara nne, umekaliwa na kazi.

Kumi na tano, Cikuru alikuja peke yake.
Nibane. Mwezi uliofuata: nipanulie.
Kisha akataka suruali kama ya mchungaji,
kisha kama ya wale vijana wa Nyawera.
Hakuniuliza mimi, alikiuliza kioo:
huyu ni nani?
Kioo kilinyamaza. Nami nilinyamaza,
nikamlipisha bei ya uzi tu.

Jumanne iliyopita ameleta mtoto wake.
Nywele zimeanza mvi juu ya masikio.
Nimezungusha mita kwenye kiuno kile kidogo,
naye akasema, "Acha pindo refu, huyu anakula
kama moto unavyokula nyasi kavu."
Sauti ya mama yake ilitoka kooni mwake
nzima, na kikohozi chake mwishoni.
Yeye hakuisikia.

Mama Cikuru mwenyewe kila Pasaka namwingizia gauni
upana wa kidole. Simwambii.
Anasema kitambaa cha siku hizi kinalegea.
Namjibu ni kweli, kinalegea.

Sasa uzi unalikataa tundu la sindano.
Nabintu anautia kwa mara moja tu, bila hata kutazama,
kisha anaivua mita shingoni mwangu.
Simama, mama mdogo.
Miaka thelathini na nne, madaftari kumi na moja,
na mimi sijaandikwa humo hata mara moja.
Bega. Kifua. Mkono.
Vidole vyake ni baridi, nanyoosha mgongo
kuliko ninavyoweza.
"Niache pindo?"

Nje mtu anauza mafuta ya taa, anaita.
Nikafikiri kidogo.
Acha, nikamwambia. Vidole viwili.

Akaandika kimoja, akanitazama,
akafuta.